Mafuta Gani kwa Mnyororo wa Baiskeli? Hesabu ya Makiso

Ukimpelekea fundi wa pembeni mwa soko kuu la Makiso, mjini Kisangani, baiskeli ambayo mnyororo wake unalia, mara nyingi atachukua chupa ya vidanji, yaani mafuta meusi yaliyomwagwa kutoka injini za pikipiki, na kuyamimina juu ya mnyororo huku akizungusha pedali. Kelele zinakoma. Mwenye baiskeli anashukuru na kuondoka, na baada ya mvua moja au mbili mnyororo unalia tena. Nyumbani wengine huchovya kidole kwenye mawese. Wengine hununua mazutu (dizeli) kidogo kwa kadafi, wale wachuuzi wa mafuta ya chupa kando ya barabara, na wengine hupaka grisi ile ile ya magurudumu. Sababu ya wote ni moja, nayo ni ya haki: pesa ni kidogo. Basi tuipigie hesabu hiyo pesa mpaka mwisho, kwa kuwa naona imepigwa nusu tu.

Kisangani inaijua baiskeli, au kinga kama wengi wanavyoiita, kuliko miji mingi ya Kongo. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, biashara ya mto kwenda Kinshasa ilipokatika na petroli ikaadimika, toleka ndiyo iliyobeba mji: baiskeli ya chuma, kiti cha sponji juu ya keria, kijana mbele na abiria nyuma. Mji uliopigwa makombora kwa siku sita mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana humu ndani, uliendelea kwenda sokoni, hospitalini na chuoni kwa nguvu za miguu. Amani iliporudi, pikipiki zikachukua abiria na toleka zikapungua. Baiskeli haikuondoka. Imebaki kwa anayebeba makaa, mihogo na ndizi, kwa mwanafunzi asiye na nauli ya pikipiki, kwa mkulima wa Lubunga anayevuka mto na baiskeli yake ndani ya mtumbwi. Hao ndio ambao bei ya mnyororo mpya inawauma zaidi. (Kumbakumba, wanaosukuma baiskeli zenye mabidoni ya mawese kwa mamia ya kilomita kutoka vijijini, ni habari nyingine. Wao hutembea kwa miguu, na kwao ekseli na gololi za magurudumu ndizo zenye njaa ya mafuta, si mnyororo.)

Kabla ya kuchagua mafuta, ni lazima kujua yanatakiwa kufika wapi. Mnyororo tunaoutumia ni wa aina aliyoibuni Hans Renold mjini Manchester mwaka 1880. Ndani yake mna pini, bushi inayoizunguka pini, na rola inayozunguka juu ya bushi. Kila kipingili kinapopanda jino la gia na kushuka, pini inajizungusha kidogo ndani ya bushi, na hapo ndipo chuma kinapolana na chuma. Mafuta yaliyobaki juu ya vibati vya pembeni yanazuia kutu kwenye vibati hivyo, basi. Hayalindi kitu kingine. Pini na bushi zikilika, kila kipingili kinapata nafasi isiyoonekana kwa macho, na baiskeli ya kawaida ina vipingili kama 112. Jumla ya nafasi hizo ndiyo inayofanya watu waseme mnyororo umerefuka. Mnyororo uliorefuka unapanda juu ya meno, unayachonga yawe na umbo la ndoano, na siku utakapoubadilisha utakuta mpya unaruka juu ya gia ya zamani. Aliyedhani anadaiwa mnyororo anajikuta anadaiwa mnyororo na gia mbili.

Kipimo cha kurefuka huko ni chepesi, na rula ya shule inatosha. Vipingili 24 vya mnyororo mpya, kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini nyingine, ni inchi 12 kamili. Ukikuta imezidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, kama milimita moja na nusu, mnyororo umefika katikati ya maisha yake. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane, yaani milimita tatu hivi, utoe kabla haujaharibu gia. Nimeona watu wakibishana muda mrefu juu ya mafuta yapi ni bora bila yeyote kuweka rula kwenye mnyororo, ilhali rula ndiyo ingewaambia.

Jambo jingine la kuweka sawa ni matarajio. Mwaka 1999 James Spicer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipima nguvu inayopotea kwenye mnyororo wa baiskeli. Katika hali nzuri kabisa waliona hadi asilimia 98.6 ya nguvu ya mwendeshaji inafika kwenye gurudumu, na aina ya mafuta haikuleta tofauti ya maana. Walifanya kazi hiyo maabarani, kwenye mnyororo safi usio na tope. Kwa hiyo anayenunua mafuta ghali akitumaini baiskeli itakuwa nyepesi anatumaini kitu kidogo mno. Kazi ya mafuta kwa mtu wa Kisangani ni kulinda: maji yasiingie ndani ya bushi, kutu isizaliwe, na mchanga usigande pale unapoweza kusaga.

Na maji hapa ni mengi. Tuko karibu na ikweta, mvua ni zaidi ya milimita 1,700 kwa mwaka, na miezi inayoitwa ya ukavu nayo huwa na mvua zake. Barabara za udongo mwekundu zinatoa tope asubuhi na vumbi mchana, siku hiyo hiyo. Ndani ya udongo huo mna punje za mchanga wa kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Baiskeli za Kiingereza za zamani zilikuwa na kava lililofunika mnyororo wote, na za kampuni ya Sunbeam zilikuwa na kava lenye mafuta ndani kabisa. Baiskeli za mizigo tulizonazo zina kipande cha bati upande wa juu, au hazina kitu. Mnyororo uko wazi. Kilainishi chetu basi kinadaiwa mambo matatu: kiwe chepesi kiasi cha kupenya hadi kwenye pini, kiwe kizito kiasi cha kutooshwa na mvua ya kwanza, na kisibaki nje kikikusanya mchanga.

Tuanze na vidanji, kwa kuwa ndiyo mfalme wa soko. Si haki kusema hayalainishi. Mafuta ya injini yaliyotumika bado ni mafuta, na mnyororo wenye vidanji unaishi kuliko mnyororo mkavu. Ubaya uko katika kile yalichobeba. Yametoka kwenye injini yakiwa na masizi, chembe za chuma zilizokwanguka kwenye pistoni na gia, tindikali zilizozaliwa na moto wa petroli, na mara nyingi maji. Kuyaacha chupani wiki nzima mpaka uchafu utuame, kisha kumimina ya juu na kuyachuja kwa kitambaa, kunaondoa vipande vikubwa. Masizi na tindikali hubaki. Tena viongezwa vilivyowekwa kiwandani kuzuia kutu na mkwaruzo vimekwisha kufanya kazi yao na vimechoka.

Kuna pia ngozi ya fundi. Mafuta ya injini yaliyotumika yana kemikali zinazotokana na mwako, na majaribio ya maabara ya kuyapaka kwenye ngozi ya panya yalileta uvimbe wa saratani. Fundi anayeshinda na mikono meusi mpaka kwenye viwiko, miaka kumi, kumi na tano, akinawa kwa petroli jioni, anabeba gharama ambayo haimo katika bei ya kazi yake. Hilo linanisumbua kuliko suala la mnyororo wenyewe. Na yanayodondoka chini huchukuliwa na maji ya mvua hadi mitaroni, na mitaro yetu inaishia kwenye mto Tshopo na mto Kongo, ambako samaki wetu wanatoka.

Mawese yanastahili kutazamwa kwa makini zaidi, maana ndiyo mafuta ya nchi. Yangambi, kilomita kama 100 magharibi ya Kisangani, ndiko watafiti wa INEAC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1933, walikoonyesha jinsi mchikichi wa tenera unavyopatikana kwa kuchanganya aina mbili nyingine, na mashamba ya michikichi ya dunia yakabadilika. Lokutu, katika mkoa huu huu wa Tshopo, kuna mashamba ya michikichi tangu enzi za Wabelgiji. Mtu wa hapa akikosa kila kitu, mawese hakosi. Wala hafanyi ujinga akiyajaribu kwenye chuma: katika karne ya 19 reli za Uingereza zililainisha ekseli za mabehewa kwa mchanganyiko wa mawese, mafuta ya wanyama, magadi na maji. Mafuta ya mimea hushika chuma vizuri sana, pengine kuliko mafuta ya petroli yasiyo na viongezwa.

Kwa nini basi yanashindwa kwenye mnyororo? Sababu ya kwanza ni joto. Karibu nusu ya mawese ni mafuta yanayoganda kirahisi, na huyeyuka yote kwenye nyuzi kama 35 au zaidi kidogo za Selsiasi. Hali ya hewa ya Kisangani ni nyuzi 25 kwa wastani. Kila mama anayeyapika anajua chupa yake ina tabaka zito chini na jepesi juu. Ukiyapaka kwenye mnyororo asubuhi, yale mazito yanabaki nje ya bushi, hayapenyi, na mchanga unajibandika hapo. Ya pili ni tindikali. Tunda la mchikichi likichubuliwa au likikaa siku nyingi kabla ya kukamuliwa, mafuta yake huanza kuvunjika na kutoa asidi. Biashara ya kimataifa hutaka asidi hiyo isizidi asilimia 5, na mawese ya kukamuliwa kijijini huvuka kiwango hicho mara nyingi. Kwenye sufuria hilo ni suala la ladha, lakini chuma chenye unyevu kinaliwa taratibu.

Ya tatu ni kugeuka gundi. Mafuta ya mimea hushika hewa na kuwa utomvu, na wanakemia hupima tabia hiyo kwa namba ya ayodini. Mawese yana 50 hadi 55, karanga 90 hivi, soya 130 hivi, kitani kinachotumika kwenye rangi hupita 170. Kadiri namba inavyopanda ndivyo mafuta yanavyokauka kuwa gundi. Hapo mawese yanajitetea vizuri. Aliyeishiwa njiani, mbali na duka, atumie mawese kuliko mafuta ya soya ya chupa, ayapashe moto kidogo ili yawe maji, ayatie machache, na akifika mjini ausafishe mnyororo. Kama kilainishi cha kila siku, hapana.

Anayetaka ushahidi wa macho yake achukue vifuniko vya makopo, atie tone la kila mafuta anayoyajua, aviweke juani penye vumbi kwa wiki mbili, kisha aguse kwa kidole. Ile gundi ya soya itamwambia yote, na mchanga uliozama kwenye grisi pia.

Mazutu na mafuta ya taa hayana haja ya maneno mengi. Yanaosha vizuri, na kwa kuosha ndiko yanakofaa. Baada ya hapo hukauka, yakiacha chuma karibu uchi. Kelele hupungua siku moja kwa kuwa uchafu umelegezwa, na watu wanadhani wamelainisha. Makopo ya kunyunyiza ya aina ya WD-40 yako karibu na kundi hilo: dawa hiyo ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, na mpaka leo hiyo ndiyo kazi yake bora. Kwa bei yake hapa, sioni sababu ya mwenye toleka kuifikiria.

Grisi ina kosa la upande wa pili. Haipenyi. Ukiipaka kwa kidole inakaa nje kama plasta, na kila kilomita ya vumbi inaongeza mchanga ndani yake. Zamani watu walitoa mnyororo, wakauosha, wakauzamisha katika grisi iliyoyeyushwa kwa moto, wakauning'iniza na kuufuta. Njia hiyo ilifanya kazi, ila inataka jiko, muda, na mnyororo wenye kiungo kinachofunguka. Nta ya mshumaa iko katika familia hiyo. Wanamichezo wa Ulaya wanaipenda siku hizi kwa sababu ikiganda haishiki vumbi kabisa. Mishumaa Makiso haikosekani, umeme wetu tunaujua. Lakini nta haizuii maji yasiguse chuma kwa muda mrefu, na mnyororo wa nta ukilowa tope la Kisangani asubuhi, kutu inaanza usiku huo huo. Ni dawa ya nchi kavu.

Yamebaki mafuta matatu yanayostahili heshima. Ya cherehani ni safi na yanapenya kuliko yote, ila ni mepesi mno kwa mvua yetu. Yanafaa kwa gololi ndogo na kwa anayeendesha mara mojamoja. Mafuta ya mnyororo wa msumeno, yanayouzwa kwa wapasuaji mbao ambao Tshopo imejaa, yametengenezwa makusudi yasirushwe na mnyororo unaokimbia, na kwenye baiskeli hukaa vizuri hata kwenye maji. Tatizo ni kuyapata kwa kipimo kidogo, na wapasuaji wengi wenyewe hutumia vidanji. Ya tatu, na ndiyo ninayoyapa kura, ni mafuta mapya ya injini, SAE 40 au 20W-50, yale yale ya pikipiki. Yana uzito wa katikati, yana viongezwa vya kuzuia kutu, yapo kila kona. Kosa lake ni kushika vumbi yakiachwa nje, na dawa ya hilo ni kitambaa.

Hapo mtu atasema: mapya ni ghali, vidanji ni bure. Hebu tuhesabu matone. Rola moja inahitaji tone moja, na tone ni kama sehemu moja ya ishirini ya mililita. Vipingili 112 ni mililita zisizofika 6, yaani zaidi kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Lita moja inatosha kulainisha mnyororo zaidi ya mara 160. Anayefanya hivyo kila wiki atakaa na lita hiyo miaka mitatu. Watu kumi wakichanga lita moja, kila mmoja anapata mililita 100, za kutosha karibu miezi minne, na mchango wa kila mmoja hautafika mbali na bei ya chai na mandazi ya siku chache. Anayemimina vidanji hupoteza mara kumi ya kiasi hicho, kingi kikiishia kwenye suruali ya abiria.

Na kuna njia ya bure iliyo bora kuliko vidanji, iliyo karibu na kila gereji ya pikipiki: chupa tupu. Chupa ya mafuta mapya ikishamiminwa kwenye injini hubaki na mafuta safi kwenye kuta zake. Ziinamishe chupa chache juu ya kikombe usiku kucha, mdomo chini, na asubuhi utakuta mafuta safi ya rangi ya asali ya kutosha mnyororo mmoja au zaidi. Waendesha pikipiki hawazihitaji. Ukinunua chupa nzima, angalia kifuniko kama hakijafunguliwa, na mafuta yawe angavu, maana chupa iliyojazwa upya kwa mafuta yaliyotumika ni hasara mara mbili.

Namna ya kutia ina uzito kuliko jina la mafuta. Chukua bomba la sindano la plastiki la mililita 5 kutoka duka la dawa, bila sindano yake. Pindua baiskeli au iegemeze ili pedali izunguke kinyumenyume. Safisha kwanza: kitambaa kilicholowa mazutu kidogo, brashi ya meno ya zamani kati ya vibati, kisha kitambaa kikavu mpaka kitoke na rangi yake. Subiri mazutu yakauke. Weka mdomo wa bomba upande wa ndani wa mnyororo wa chini, pale unapoelekea gia ya nyuma, na udondoshe tone moja kwa kila rola, ukianzia kwenye kiungo ulichokitia alama. Zungusha pedali dakika moja au mbili ili mafuta yaingie. Uache mnyororo usiku mzima kama unaweza. Asubuhi ufute kwa nguvu mpaka uone chuma kikavu nje. Watu wengi huruka hatua hiyo ya kufuta kwa kuogopa kupoteza mafuta. Yaliyo nje hayana kazi. Yanasubiri mchanga tu.

Baada ya mvua kubwa, futa maji kabla ya kulala na uongeze matone sehemu zinazolia. Mnyororo ukiwa umerudi na tope zito, usitie mafuta juu ya tope, utakuwa umetengeneza msasa wa majimaji ndani ya bushi zako.

Methali ya pwani inasema rahisi haihalisi, ghali haighilibu. Kwa mnyororo wa baiskeli hapa Makiso naona kilicho bora ndicho rahisi pia, ikiwa mtu atahesabu kwa matone. Naomba mafundi wetu waweke bomba la sindano na chupa ndogo ya mafuta mapya pale walipoweka ile chupa nyeusi, na vidanji wayakusanye kwenye bidoni badala ya kuyamwaga mtaroni. Nawe mwenye baiskeli, ukifika kwa fundi kesho, mwombe aufute mnyororo kabla hajatia chochote, na umlipe kwa hiyo kazi ya kufuta.